Sindano Iliyoshona Bawa la Ndege

Jumamosi, Biharamulo. Manyunyu tangu alfajiri. Mchana jua limechungulia kidogo, likaona hali yetu, likarudi ndani.

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na familia, napenda kuutangazia umma wa Biharamulo, Ngara na vitongoji vyake kwamba pikipiki yangu ilifariki leo asubuhi kwenye mlima wa kutoka Nyarubungo. Marehemu aliugua kwa muda mfupi. Alikohoa, akatetemeka, akanyamaza. Ameniacha mimi, mwanamume wa makamo mwenye kitambi, nimesimama kando ya barabara na pampu ya maji ya mteja imefungwa kwenye keria, huku vijana wa bodaboda wakinipita na kuniamkia shikamoo kwa sauti ya pole.

Baadaye alifufuka, kwa hiyo michango isitishwe.

Uchunguzi wa mwili ulionyesha kwamba tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi lilikuwa limezibwa kwa nta ya mshumaa. Petroli haishuki kama hewa haiingii kushika nafasi yake. Ndiyo maana kopo la maziwa tunalitoboa matundu mawili, na ndiyo maana dumu linakohoa ukilimimina kwa pupa. Nilimpigia simu mke wangu, Sperata. Akakiri bila kusita. Aliona tundu, mvua inakuja, akaliziba. Akaniuliza kama nilitaka maji yaingie kwenye petroli.

Kuziba vyombo kumo ndani ya damu ya ukoo ule.

Kwenye mfuko wangu wa vifaa, katikati ya spana na plagi kuukuu, kuna sindano iliyopinda kama mwezi mchanga. Niliitoa, nikaichoma ile nta. Tangi likavuta pumzi: fyuuu. Pikipiki ikawaka kwa teke la kwanza. Nami nikabaki nimesimama pale pale, injini inanguruma na mimi sipandi.

Ile pumzi niliwahi kuisikia mahali. Zamani, kwenye kiwanja cha ndege cha Ngara, miaka ya wakimbizi. Na mhusika alikuwa mama mzazi wa huyu Sperata.

Mama mkwe, shikamoo. Najua wajukuu wanakusomea haya kwenye simu. Mkifika penye kukuudhi, waambie waruke.

Ninyi vijana miaka ile mmesimuliwa tu. Sisi wa Ngara tulilala tukiwa wilaya ya watu wanaojuana kwa majina ya babu zao, tukaamka na mji pale Benaco ambao jana haukuwepo. Maturubai mpaka macho yanachoka. Moshi. Foleni za maji. Malori ya chakula yakipandisha vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye uji. Watu walikuwa wamevuka daraja la Rusumo kwa miguu kutoka Rwanda, na kwa kuwa Kihangaza chetu na lugha yao ni ndugu wa karibu, tulisikia walichokuwa wanasema njiani bila mkalimani. Siku nyingine ungetamani usisikie.

Mimi nilikuwa kijana wa karakana ya parokia. Cheo changu kilikuwa fundi msaidizi. Kazi yangu ilikuwa kushika. Deo, shika hapa. Deo, shika tochi. Deo, usiachie. Nimeshika vitu vingi maishani ambavyo hadi leo sijui vilikuwa vya nini. Lakini kwa wasichana wa kwaya nilijitambulisha kama injinia wa ndege, na ilikuwa kweli kwa kiasi fulani, maana nilichokuwa nashika kilikuwa ndege.

Ndege yenyewe ilikuwa ya Bruda Anselmi, mzungu mrefu mwembamba aliyekuwa mkuu wa karakana. Ujanani kwao aliwahi kurusha ndege. Alikuwa ameiagiza ikiwa vipande vipande ndani ya masanduku, ndege ya kujiungia mwenyewe, kama vile vitanda vinavyouzwa vikiwa mbao na bolti. Tofauti ni kwamba kitanda ukikikosea unaanguka kidogo tu. Aliiunga polepole, saa za jioni na sikukuu, miaka na miaka, mpaka watu wakaacha kuuliza itaruka lini. Wazee walisema Bruda anaijenga kama mtu anavyofuga kuku, si lazima aruke.

Wakimbizi walipokuja, ndege ilifunikwa shuka ikasahauliwa. Pampu za maji zilikuwa zinakufa kila siku na malori yalikuwa yanakatika springi. Hatukuwa na jioni wala sikukuu.

Kisha shirika lake likamtaka Bruda arudi kwao, kwa sababu ya umri. Alituambia hivyo wakati wa chai, kama mtu anayetaja kwamba sukari imeisha. Halafu akaenda nyuma ya karakana akaivua ndege shuka.

Mabawa yalikuwa mifupa tu. Yalihitaji kuvishwa kitambaa, na kitambaa kile hakigandishwi tu kwa gundi. Kinashonwa, uzi unapita juu ya bawa, unazunguka ubavu wa ndani, unarudi, fundo, mpaka mwisho wa bawa. Bruda alijaribu mwenyewe. Macho yalikataa. Mimi nilijaribu, nilijishona kwenye bawa kwa mkono wa shati.

Ndipo akaja Fundi Faustini kutoka kambini.

Alikuwa fundi cherehani, umri kama wa mjomba wangu mdogo, mfupi, mpole, mwenye tabia ya kuongea akiwa na pini mdomoni. Alikuwa amevuka daraja na kichwa cha cherehani begani, na pale Benaco alikuwa akishona chini ya turubai. Bruda alimwonyesha bawa na ile sindano iliyopinda. Faustini akalizunguka bawa. Akaupapasa ubavu mmoja mmoja. Akauliza ndege ina viti vingapi. Bruda akasema viwili.

"Basi mimi sitaki mshahara," akasema Faustini. "Nataka kiti."

Tulicheka. Yeye hakucheka, akatueleza.

Kwao hakukuwa mbali. Ukisimama Rusumo siku isiyo na ukungu ungeuona mlima wake ng'ambo ya mto. Lakini nyumba ilikuwa upande wa pili wa mgongo, na mlima haujipindui kwa ajili ya mtu. Ndani ya nyumba hiyo alimwacha mama yake. Siku ya kukimbia mama alikataa kutoka. Alisema miguu yake imekwisha, wao waende na watoto, yeye atalinda bati. Lilikuwa bati jipya, Faustini amelinunua kwa kushona sare za shule. Na habari zilizovuka mto zilikuwa hizi: nyumba zilizobaki tupu ziling'olewa bati. Nyumba yenye bati ina mtu.

"Nikiliona paa," akasema, "nimemwona mama."

Kuanzia siku ile ile ndege haikuwa tena ya Bruda peke yake. Kila nati niliyoishika niliishika kwa ajili ya lile paa.

Tulishona mabawa pamoja, yeye juu mimi chini. Yeye anapitisha sindano, mimi naipokea upande wa pili na kuirudisha. Alikuwa akinitania kwamba wake wawili hawawezi kushona hivi bila kugombana. Aliniuliza habari za Sperata, ambaye alikuwa binti wa mpishi wa parokia, Mama Koleta, na nikamwambia mambo yanakwenda vizuri. Akaniambia mambo hayaendi popote, maana yeye ameona binti anapita karakana mara nyingi na mimi kila akipita najificha ndani ya bawa.

Siku ya kuyapeleka mabawa kiwanjani trekta iligoma, kwa hiyo kwaya ya wanaume iliyabeba begani. Yalikuwa yamefungwa mashuka meupe, na kwa kuwa barabara ina mashimo walitembea polepole sana. Sasa fikiria mwenyewe. Wanaume wamevaa vizuri, wamebeba kitu kirefu cheupe, wananyata, na kwa mazoea yao wameanza kuimba. Akina mama shambani waliweka majembe chini wakafanya ishara ya msalaba. Mzee mmoja alivua kofia akaungana nasi, akatembea hadi tulipokaribia kiwanja, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini marehemu ni wa ukoo gani. Nikamwambia ni bawa. Akatafakari, akavaa kofia, akasema poleni hata hivyo.

Tuliyafunga mabawa. Bolti, nati, pini ya kuzuia nati isilegee. Nyaya za usukani zikakazwa mpaka zikaimba ukizigusa. Ikawa ndege. Ilibaki kuipa kinywa na koo, yaani mfumo wa mafuta.

Tangi lilikaa mbele, juu ya magoti ya wanaokaa. Kutoka hapo bomba jembamba linashuka hadi kwenye koki, kutoka koki hadi kwenye chujio lenye kikombe cha kioo pale chini kabisa ili maji na taka zizame humo, kisha kwenye kabureta. Na juu ya tangi kulikuwa na kibomba cha hewa kilichotokeza nje kikapinda kuelekea mbele, chembamba kama mrija wa kunywea pombe. Bruda alikuwa mkali juu ya kila kiungo. Alisema injini ikikosa mafuta barabarani unateremka unasukuma, lakini kule juu hakuna wa kumwomba akusukumie.

Kupima kama kuna kiungo kinachovuja tulitumia glavu ya zahanati. Tuliivika kwenye kile kibomba cha hewa, tukakifunga uzi, tukaziba njia nyingine zote, tukapiga upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli. Glavu ikajaa, vidole vitano vikasimama. Kama asubuhi mkono bado umesimama, hakuna panapovuja. Siku ya kwanza tulikuta umelala. Tukapaka povu la sabuni kwenye viungo mpaka tukaona mapovu kwenye koki, tukairekebisha. Mkono ukasimama, tukauacha usimame siku kadhaa kwa raha zetu tu. Mama Koleta alipokuwa akituletea chai kiwanjani alikuwa akiuamkia. Hata mkaguzi aliyekuja kutoka mbali kuikagua ndege aliupungia kabla ya kusaini.

Petroli tuliimimina tukiichuja kwa ngozi laini, maana ngozi ile inapitisha petroli na kuzuia maji. Mimi ndiye niliyeivuta kwa mpira kutoka kwenye pipa, kwa mdomo, mbele ya Sperata, ili aone uanaume. Nilimeza. Kwa siku nzima kila nikicheua Faustini aliwaambia watu wasisogee na sigara. Sperata alicheka hadi akakaa chini, na tangu siku hiyo alianza kunisalimia mwenyewe, kwa hiyo petroli ile siijutii.

Wakati huo kambini maneno yalikuwa yameanza: watu watarudi. Wengine waliyataka, wengine waliyaogopa, na wengi walikuwa na vyote viwili ndani ya turubai moja. Faustini aliacha kutania. Alishona kiraka cha mwisho mkiani akawa anakuja kiwanjani kila siku kukaa tu, anautazama upande wa mto.

Aliniambia kwamba kama paa lipo, ataondoka na wa kwanza. Kama halipo, hajui.

Siku ya kujaribu, asubuhi kulikucha kweupe. Nusu ya Ngara ilikuwa kando ya kiwanja. Tulitoa glavu, tukanywa chai, Bruda akapanda peke yake, mimi nikazungusha pangaboi kama nilivyofundishwa na kuruka nyuma kama nilivyofundishwa zaidi. Injini ikashika. Tulipiga kelele kama watu waliopata mvua.

Akaipeleka hadi mwisho wa kiwanja, akageuka, akaongeza moto. Mkia ukanyanyuka. Kisha injini ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Ndege ikatupita kwa magurudumu tu, kwa ukimya, Bruda ndani amekaa wima kama mtu aliye kwenye picha.

Tukaiwasha tena. Ikakubali vizuri, akaenda, ikazima palepale.

Tulifungua kikombe cha chujio. Petroli ilitoka kwa nguvu, ikapungua, ikawa uzi, ikawa tone. Bruda akakuna kichwa. Faustini, ambaye hakuwahi kuligusa tangi, alikuwa amesogea mpaka uso umekaribia kugusa kikombe. Kila tone lilikuwa linampita usoni. Bruda akafungua kifuniko cha tangi kutazama kama petroli imo.

Fyuuu.

Tangi lilivuta pumzi, na kule chini petroli ikamwagika kama ng'ombe anayekojoa. Sote tukageuka kukitazama kibomba cha hewa. Bruda akaingiza koleo jembamba, akavuta, kikatoka kipande kikavu cha jani la mgomba kilichosokotwa vizuri sana, kimekatwa ncha, kimekazwa kwa ustadi. Kila mtu wa Ngara pale aliujua msokoto ule. Ndio unaoziba mdomo wa kibuyu cha urwagwa, pombe yetu ya ndizi.

Mama Koleta alikuwa amesimama na birika. Hakujificha.

"Ni mimi," akasema. "Mlikuwa mmekiziba kwa ule mkono. Leo mmeutoa, mmekiacha wazi, na manyigu ninawaona wanazunguka hapa kutafuta pa kujenga. Chombo cha kunywea kinaachwaje wazi? Mmelelewa na nani?"

Bruda alikitazama kile kizibo mkononi mwake. Nadhani alikuwa anafikiria kama injini ingezima baada ya magurudumu kuachana na ardhi badala ya kabla. Uso ulizidi kuwa mweupe, kwa kadiri uso wa mzungu unavyoweza kuongeza. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika bawa.

"Mama Koleta," akasema, "ungeniua kwa usafi."

Mama akamjibu kwamba uchafu ndio unaoua, akammiminia chai.

Na kweli, manyigu walikuwepo. Tukaweka wavu mwembamba kwenye mdomo wa kibomba, hewa ipite na nyigu abaki nje. Wazo la wavu lilitoka kwenye chujio la chai la Mama Koleta, na wavu wenyewe pia. Akasema basi chai ya watu wa ndege na iwe na majani.

Siku ile ile Bruda aliruka. Aliizunguka Ngara mara moja, akarudi, akateremka akiwa mtu mwingine, kama mzee aliyekutana na ujana wake njiani na wakasalimiana vizuri. Siku zilizofuata aliruka tena na tena, mpaka alipojiridhisha kwamba mashine ni nzima. Kisha akamwita Faustini.

Sasa hapa ndipo simulizi la kijiweni linapochukua usukani. Nimelisikia kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye foleni ya mahindi. Kwamba ndege ya Bruda ilivuka mto. Kwamba ilipita chini chini juu ya nyumba ya Faustini, mama akatoka akapunga kanga. Kuna mzee mmoja Biharamulo hapa anasema mama alirusha embe na Faustini akalidaka. Mtu wa mwisho kunisimulia hivyo hakujua nilikuwepo, na alisimulia vizuri kiasi kwamba sikutaka kumkata.

Lakini nilikuwepo. Na leo, kwa sababu ya pumzi ya tangi, ngoja niandike yalivyokuwa.

Faustini alikuja amevaa koti la suti alilojishonea mwenyewe. Mimi ndiye niliyemfunga mkanda. Bruda alimweleza kwamba hatavuka mto, haruhusiwi, na hata angeruhusiwa asingethubutu. Atapanda juu sana upande wetu, karibu na Rusumo, mpaka waweze kuona nyuma ya mgongo wa mlima. Atalilaza bawa kidogo upande wa Faustini ili aone vizuri. Faustini akaitikia kwa kichwa.

Waliondoka. Tuliwatazama mpaka wakawa nukta, na nukta ikaisha. Nilikaa chini ya kivuli cha pipa la petroli na Mama Koleta akakaa pembeni yangu, rozari mkononi. Mtu anayekaribia kuwa mkwe wako hasemi mengi, na siku ile hata asiye mkwe asingesema.

Waliporudi, watu walilizunguka bawa kabla pangaboi halijasimama. Umeona? Lipo? Faustini alishuka, akatengeneza koti. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kule kuzuri. Watu wakaishika hiyo "kuzuri" wakaibeba. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Koleta akalia. Kabla ya jua kutua kambi nzima ilijua bati lipo na mama yu hai, na pengine kanga ilishaanza kupungwa.

Jioni nilimkuta karakana anakusanya nyuzi zake. Nikamwambia nimefurahi. Akaniangalia, akatoa pini mdomoni. Hilo halikuwa la kawaida.

"Sikuangalia, Deo."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Bruda alilaza bawa kama alivyosema. Alinigusa bega, akaniambia tazama. Nilikuwa nimefumba macho. Nilifumba tangu tulipouona mto mpaka magurudumu yalipogusa chini."

Nikamuuliza kwa nini, baada ya kushona kote kule.

"Kama ningeona halipo," akasema, "ningeshuka kuja kufanya nini? Huku chini mama yangu bado ana paa."

Bruda naye hakuona. Alikuwa upande wa pili, anatazama vipimo vyake na mpaka. Kwa hiyo hakuna aliyeliona paa. Hiyo ndiyo safari nzima ya ndege ya Bruda Anselmi. Mashine haikuwa na kosa, mafuta yalishuka, hewa ilipita, bawa lililala, na mwenye kiti alifumba macho.

Nilimuuliza sasa atafanya nini. Akasema ataenda kwa miguu. Akienda kwa miguu, kila hatua inampa muda.

Na alikwenda. Barabara ya Rusumo ilipojaa watu wanaorudi, vifurushi vichwani na watoto migongoni, nilisimama kando nikitazama nyuso, na akapita, mkewe na watoto mbele, yeye nyuma, kichwa cha cherehani begani kama siku aliyokuja. Alijitoa kwenye msururu kwa kitambo kifupi tu. Akanipa ile sindano. Akanitania kwamba siku Sperata akinikataa nijishonee mwingine. Akarudi kwenye msururu, na migongo ilikuwa mingi, nikampoteza.

Bruda aliondoka baada ya hapo. Ndege ilifunguliwa ikarudishwa masandukuni, ikauzwa mbali. Sperata hakunikataa.

Sijui Faustini alikuta nini.

Nimefika Rusumo mara nyingi tangu wakati huo. Kazi za pampu zinanipeleka. Siku hizi malori yamepanga mstari, mawakala wa forodha wanakimbizana na makaratasi, maji yamefungiwa kuzalisha umeme. Daraja lipo, watu wanavuka asubuhi wanarudi jioni na vitunguu. Kutoka pale naiona ng'ambo, na siku isiyo na ukungu nauona mgongo wa mlima wake. Ningeweza kuvuka. Ningeuliza tu, kwa Kihangaza changu, fundi cherehani fulani, mfupi, anayeongea na pini mdomoni. Wangenielewa.

Kila mara nautazama ule mgongo, nanunua soda, nageuza pikipiki. Zamani nilidhani ni kwa sababu ya kazi.

Sindano iko hapa mezani, ina nta kidogo kwenye ncha. Sperata ameshaniuliza kesho naamkia wapi, nikamwambia sijui. Tangi nimelijaza. Na tundu nimemwomba asilizibe.